Upana wa Vidole Viwili

Fremu zilifika Ijumaa kutoka kwa fundi Anwari, arobaini na moja, zote za kipimo kimoja, zikinuka vanishi mpya. Mwalimu Nikolao alizipanga sakafuni mwa ofisi ya taaluma, safu nne za fremu kumi kumi, na moja ya akiba pembeni, akarudi nyuma hatua mbili, akazitazama, akaridhika.

Kwa muda wa miezi saba alikuwa akizunguka mitaa ya Newala, akishuka Masasi na kuingia vijiji vya katikati, akibisha hodi na kuomba picha za zamani. Watu walizitoa kwenye makopo ya maziwa, kwenye mifuko ya sandarusi, chini ya magodoro. Alikuwa na picha ya boma la Newala enzi za wakoloni. Alikuwa na wanawake waliojipanga na madebe matupu, miaka ambayo maji yalifuatwa bondeni kwa mwendo wa nusu siku. Alikuwa na baraza za maduka ya Wahindi, kanisa la misheni ya Masasi, na injini ya treni iliyopigwa picha kabla reli haijang'olewa. Somo la historia, alizoea kuwaambia wanafunzi wake, halianzi Ulaya. Linaanza kwenye uwanja wa soko. Maonyesho yangefunguliwa Jumatano ukumbini mwa shule, na mgeni rasmi alikwishathibitisha.

Palikuwa na tatizo moja tu. Fremu zilikuwa za kipimo kimoja, picha hazikuwa. Nyingi zilikuwa ndogo, zikawekewa karatasi nyeupe nyuma na kukaa vizuri. Tisa zilizidi. Kurudisha fremu tisa kwa fundi kulimaanisha kuchelewa, na ukuta wenye fremu kubwa na ndogo, kwa macho ya Mwalimu Nikolao, ulikuwa sawa na darasa ambalo kila mwanafunzi amevaa sare yake.

Jumamosi asubuhi alizikata, kwa mashine ile ile ya kukatia karatasi za mitihani.

Hakukata ovyo. Kila picha aliitafakari kwanza: hii ipunguzwe mbingu, ile ipunguzwe ardhi, hii ukuta. Alipofika picha namba ishirini na saba, ya harusi mbele ya duka, mwaka sitini na tatu, aliona kwamba juu na chini hapana cha kupunguza. Upande wa kulia palikuwa na kipande cha ukuta, na mwanamke mmoja aliyejitenga na wenzake, ameigeuzia kamera ubavu, kanga ameivutia shavuni. Mpita njia, aliwaza Mwalimu Nikolao. Akashusha kisu. Kipande chenye upana wa vidole viwili kikaangukia kwenye boksi la mabaki, na jioni boksi likamwagwa shimoni pamoja na karatasi za mitihani ya muhula, likatiwa moto.

Picha hiyo ilikuwa mali ya Bibi Sikudhani wa Chiungutwa.

Alimwazima Mwalimu mwezi wa nne. Bibi alikuwa mzee wa miaka themanini au zaidi, mzaliwa wa Newala, aliyehamia Chiungutwa na mumewe wakapanda mikorosho. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. La kushoto lilikwisha kabisa. La kulia liliona maumbo, mradi kitu kiwe karibu na pua na jua liwe nyuma yake. Aliifungua picha kutoka katika kitambaa cha mtandio, tabaka baada ya tabaka.

"Watu wangu wote wamo humu," alisema. "Wote walikufa, nimebaki mimi. Madaktari wa macho watakuja hospitali ya misheni baada ya mavuno. Nikifunguliwa, cha kwanza nataka kuitazama hii. Kwa hiyo nakuazima, Mwalimu, sikupi."

"Nitairudisha kwa mkono wangu, bibi."

"Umeandika?"

"Naandika."

Na kweli alikuwa akiandika. Daftari lake lilikuwa na safu zilizopigwa mstari kwa rula: namba, mahali, mwaka, mwenye picha, urefu kwa upana. Alimwuliza mahali, akajibiwa. Alimwuliza mwaka, akajibiwa. Bibi alipoanza kusema nani ni nani, Mwalimu alikuwa ameinamia rula, anapima. Safu ya watu haikuwamo.

*

Jumatano ukumbi ulijaa mapema. Mwalimu Dorika, aliyefundisha Kiswahili na ambaye kwa utani hakuwahi kumwacha Nikolao apumue, alipita akikagua fremu huku mikono ameifunga nyuma kama mkaguzi wa shule.

"Kaka, hata marehemu umewapanga mstarini? Ngoja uwaitie mahudhurio."

"Wangekuwa wanafunzi wako, dada, nusu yao wangekuwa watoro."

"Wamakua mna maneno!" Dorika akacheka. "Lakini pamependeza. Haki ya Mungu pamependeza."

Bibi Sikudhani aliingia akishikwa mkono na mjukuu wake, Naima, aliyekuja kutoka Dar es Salaam miezi miwili iliyopita kumtunza. Walikuwa wametoka Chiungutwa alfajiri. Mwalimu Nikolao alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Nipeleke kwangu."

Alimpeleka mbele ya namba ishirini na saba, akasimama pembeni, kifua mbele, kama mtu anayesubiri kupongezwa. Bibi alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Dirisha lilikuwa nyuma yake, mwanga ulitosha. Kidole chake kikaanza kutembea taratibu juu ya kioo.

"Huyu Hamudi, mume wangu, na kofia aliyoazima. Huyu mimi. Loo, nilikuwa mwembamba! Huyu mjomba. Huyu mke wa mjomba, mgomvi huyu, Mungu amrehemu." Kidole kikaendelea kulia, kikafika kwenye mbao ya fremu, kikagota. Kikarudi nyuma kidogo, kikaenda tena, kikagota tena. "Naima. Mama yangu yuko wapi hapa?"

Naima, ambaye hakuwahi kuiona picha hiyo, aliinama akaangalia. "Hapa mwisho ni mke wa mjomba, bibi. Baada yake hakuna mtu."

"Yupo. Kwenye pembe ya duka. Alisimama mbali kwa sababu ya mkwewe. Harusi ndiyo ilikuwa imefungwa siku ile, wangesogeleanaje? Mpiga picha alimwita, alimwita, akakataa. Mpaka mjomba akamwambia, dada, simama basi hapo hapo pembeni, usimtazame, lakini uwemo. Ndipo akasimama. Alifariki baada ya masika mawili. Hana picha nyingine." Akasogeza jicho tena kwenye kioo, akalifumba, akalifumbua. "Angalia vizuri, mwanangu."

"Nimeangalia, bibi. Hayupo."

Mwalimu Nikolao alimwona tena yule mwanamke, ubavu kwa kamera, kanga shavuni, na kisu kinashuka.

Bibi alisimama wima polepole. Hakupandisha sauti. "Haya," alisema. "Basi ndiyo yamekwisha. Mpaka mwaka jana nilikuwa namwona. Ukungu, lakini namwona. Na wewe Naima unaniona nimechanganyikiwa, unasema hayupo ili nisihangaike." Akamgeukia Mwalimu. "Hata picha imenifungia mlango."

Hapo ndipo maneno yalipohitajika. Yalikuwa machache, hayakuzidi matatu: nimemkata mimi, bibi. Mwalimu Nikolao, aliyekuwa amesimama mbele ya madarasa miaka kumi na tisa bila kukosa la kusema, alifungua kinywa. Nje gari la mgeni rasmi likapiga honi.

"Mwanga wa humu ni hafifu, bibi," alisema. Akaenda kumpokea mgeni.

Mgeni rasmi alisifu sana mpangilio. Alisema hajaona ukuta ulionyooka vile mkoa mzima. Watu walipiga makofi, na kila kofi Mwalimu Nikolao alilisikia kama linampiga yeye.

*

Jumatatu iliyofuata Naima alimpigia simu.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani kwa usumbufu."

"Marahaba. Bibi hajambo?"

"Mzima wa mwili. Ila amekataa kwenda kupasuliwa. Madaktari wanaanza Alhamisi, jina lake limo, nimehangaika nalo wiki tatu. Anasema daktari hufungua jicho bovu, hafufui jicho lililokufa. Anasema kama mama yake hamwoni kwenye picha, basi hakuna cha kufunguliwa. Nikasema labda kwa kuwa anakuheshimu, wewe ukimwambia atasikia."

"Nitamwambia," Mwalimu Nikolao alisema.

"Asante sana. Mungu akubariki."

Mwalimu alimtafuta Dorika chumba cha walimu, akafunga mlango, akamweleza yote. Dorika, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, hakutania. Kisha akili yake ikaanza kutafuta njia.

"Sikiliza. Pale stationery kwa Mujibu siku hizi wanatengeneza picha kwa kompyuta. Wiki jana wamemwekea mtu marehemu baba yake kwenye picha ya ubatizo. Mwanamke mwenye kanga, amegeuka ubavu, ukutani. Bibi haoni vizuri. Atamwona mama yake, ataenda hospitali, macho yatapona. Kuna ubaya gani?"

"Na yakishapona, je?"

"Miaka sitini, kaka. Nani anakumbuka sura kwa miaka sitini?"

Alikwenda. Hilo Mwalimu Nikolao hakuwahi kulikana baadaye: alikwenda, picha ikiwa kwenye bahasha ya kaki. Mujibu aliiweka kwenye mashine, ikatokea kwenye kioo cha kompyuta, akasogeza ukuta wa duka kulia kwa upana wa vidole viwili. Dakika tano tu ukuta ukarefuka kana kwamba haukuwahi kukatwa.

"Hii rahisi," Mujibu alisema. "Sasa mama mwenyewe. Mrefu, mfupi?"

"Wa wastani."

"Amesimama anaangalia wapi?"

"Pembeni. Uso nusu."

"Sawa. Na hiyo nusu, niweke sura ya nani?"

Mwalimu Nikolao alitafuta. Alimwona mwanamke aliyemkata: aliona kanga, aliona bega. Pale penye uso hapakuwa na kitu, kwa sababu alipokuwa na uso ule mbele yake hakuutazama. Alilipia kazi ambayo haikukamilika, akachukua bahasha yake, akatoka.

Nyumbani kwake mtaa wa nyuma ya soko, mama wa mkewe alikuwa amekuja kusalimia. Mwalimu Nikolao alijua kabla hajaingia, kwa kuwa mkewe Yuliana alikuwa amefunga mlango wa chumba cha uani. Alikohoa, kama inavyopasa. Kutoka nyuma ya ukuta sauti ya mama mkwe ikamsalimu, naye akajibu ameinamisha kichwa ingawa hapakuwa na wa kumwona. Miaka kumi na minane walisalimiana hivyo. Hakuwahi kula naye, hakuwahi kupeana naye mkono, na hata njiani mmoja alichepuka. Ilikuwa heshima, hakuna aliyeifikiria.

Akiwa bado amesimama, macho yake yakaiendea picha ya harusi yake sebuleni. Yuliana katikati, yeye, wasimamizi, ndugu. Na kule mwisho kabisa kushoto, nusu ya mwili ikiwa nyuma ya nguzo ya kanisa, mama mkwe, kitambaa mdomoni.

Aliketi kitini. Kwao ukoo huhesabiwa kwa mama, na mama ndiye shina. Na katika kila picha ya harusi ya nchi hii, shina limesimama ukingoni, kwa adabu. Yeye Nikolao, mtoto wa Lukuledi, mkwe wa watu, alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Picha tisa alizikata. Ngapi kati yake zilikuwa za harusi? Hakuhitaji kufungua daftari. Zilikuwa nne.

"Umepatwa na nini?" Yuliana aliuliza.

"Kesho naomba ruhusa kazini. Nakwenda Chiungutwa."

*

Alikodi bodaboda, akaiweka bahasha kifuani ndani ya koti. Bibi Sikudhani alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani, anapukuchua kunde kwa kupapasa. Naima alimletea mgeni kigoda, akarudi jikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kama umetumwa na Naima kunihubiria, kunywa maji urudi."

"Sikutumwa. Nimekuja kusema langu. Mama yako alikuwemo pichani, bibi. Nilimkata mimi."

Vidole vya bibi vilisimama juu ya ganda la kunde.

Mwalimu alieleza bila kuruka hatua, kama alivyowafundisha wengine kueleza: fremu, kipimo, mashine, upande wa kulia. Alisema alimwona na kumdhania mpita njia. Alisoma kwenye daftari vipimo vya siku alipoipokea na vipimo vya sasa, ili ushahidi uwe kamili. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo macho yangu?"

"Hayana kosa. Ulitafuta mahali penyewe."

"Na kipande chake kiko wapi?"

"Kilichomwa."

"Pamoja na nini?"

Mwalimu Nikolao alitamani swali hilo lisingeulizwa. "Pamoja na karatasi za mitihani."

Bibi alicheka, cheko fupi kavu lililomtoa Naima jikoni. "Mama yangu hakuingia darasani hata siku moja. Kumbe alisubiri achomwe na mitihani." Kisha cheko likakatika. Naima akamshika bega, bibi akalitoa. "Siku ile ukumbini, wakati nasema macho yamekwisha, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulijua?"

"Nilijua pale pale."

"Ukaniambia mwanga hafifu." Alirusha ganda la kunde nje ya mkeka. "Kukata lilikuwa kosa la mkono. Mwanga hafifu lilikuwa kosa la nini, Mwalimu?"

Mwalimu Nikolao alifunga daftari.

"Ungeniacha nife kipofu, ili ukuta wako usiharibike."

"Ndiyo, bibi. Kwa siku sita nilikuacha." Aliteremka kutoka kwenye kigoda, akapiga magoti kwenye udongo. "Naomba radhi. Nitafanya utakalolisema."

"Inuka, utachafua suruali. Radhi siyo kunde, kwamba ipo tu kwenye ungo nikuchotee." Alipapasa ganda jingine, akalipasua. "Alhamisi nitakwenda. Utanipeleka wewe, siyo Naima peke yake. Na wakinifungua kitambaa, uketi mbele yangu. Nilitaka uso wa kwanza uwe wa mama. Sasa uwe wako. Nimjue aliyemkata."

*

Alimpeleka. Alikaa naye kwenye benchi la hospitali kutwa nzima, akamshika mkono hadi mlango wa chumba cha upasuaji, akalala kwa jamaa yake wa Lisekese, na Ijumaa saa tatu asubuhi alikuwa ameketi kwenye kiti cha chuma mbele ya kitanda chake, magoti pamoja, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Picha nyingine tatu za harusi zilikuwa bado zimo ukumbini. Wenyewe alikwisha kuwaandikia, kila mmoja barua yake, na mmoja alikwisha kumjibu kwa matusi. Lakini hayo hayakuwa mawazo yake asubuhi ile.

Muuguzi alifungua bandeji ya jicho la kulia, akalipangusa, akasema, "Fumbua polepole, bibi."

Bibi Sikudhani alifumbua. Machozi yalimtiririka kwa mwanga, akayafuta kwa ncha ya mtandio. Kisha akamtazama Mwalimu Nikolao. Alimtazama kipaji, mvi za masharubu, kola iliyopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Naye alikaa atazamwe. Hakuinamisha macho, ingawa kila alichokuwa nacho kilimwambia ayainamishe.

"Kumbe mtu mwenyewe ni mdogo hivi," bibi alisema hatimaye. "Kwa sauti nilidhani mkubwa. Umeileta?"

Alimpa picha, bila fremu. Bibi hakuisogeza puani. Aliishika mbali, mkono umenyooka, kama wanavyoshika watu wenye macho. Alimtazama Hamudi kwa muda. Alijitazama mwenyewe. Halafu jicho likaenda kulia, kwa mke wa mjomba, kwa ukuta, likafika ukingoni. Akapitisha kidole gumba juu ya ukingo ule, kutoka juu mpaka chini, akarudia.

"Umekata vizuri," alisema. "Ukingo umenyooka kabisa. Mkono wako haukutetemeka hata kidogo."

"Haukutetemeka, bibi," Mwalimu Nikolao alisema.

Bibi aliigeuza picha kifudifudi juu ya mapaja, akamwambia Naima afunge vitu, gari la Chiungutwa lisije likawaacha.